Juu ya Siri ya Serikali na Amana ya Nyaraka

Katika kurasa hizi twazoea kusoma habari za maneno na mila: asili ya methali, taratibu za ndoa, majina ya watoto, miiko ya wazee. Leo tumependa kuandika juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza si la mila wala si la lugha, yaani jinsi serikali zinavyoficha nyaraka zao, na taabu zinazowapata wale waliowekwa kuzitunza. Walakini tukilichungua vema tutaona kwamba ni jambo la mila hasa, kwa maana kila jamaa ya watu ina desturi yake ya kufunga neno na ya kulifungua. Tena ni jambo la lugha, kwa sababu ubishi wote tutakaousimulia ulizunguka maneno machache tu: siri hii ni ya nani, waraka huu ni mali ya nani, na ni nani mwenye haki ya kuusoma.

Tumechagua habari moja iliyo karibu nasi, nayo ni ya majalada ya Serikali ya Kenya yaliyopelekwa Uingereza kabla ya Uhuru wa mwaka 1963, yakakaa huko yamefichwa karibu miaka 50. Tumeichagua kwa kuwa haikuishia kwenye karatasi. Ilifika mahakamani, na wazee waliokuwa wamekwisha kukata tamaa walipata kusikilizwa.

1. Maneno yenyewe

Neno siri tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni jambo lililofichwa moyoni. Karibu nalo liko neno sitiri, nalo ni la Kiarabu pia, lakini si neno moja na lile la kwanza. Kusitiri ni kufunika kitu kwa ajili ya heshima, kama mtu afunikavyo uchi wa mwenziwe. Anayesitiri humhurumia yule anayefunikwa. Anayeficha siri huenda akajihurumia yeye mwenyewe tu. Yafaa tuishike tofauti hii, kwa maana serikali ikisema kwamba yasitiri, mara nyingi huwa yaficha.

Upande wa maandishi tunayo maneno mengi. Waraka, ambao wingi wake ni nyaraka, asili yake ni jani au karatasi. Hati ni mwandiko. Jalada asili yake ni ngozi, kwa kuwa vitabu vya kale vilivikwa ngozi. Daftari ni kitabu cha hesabu na kumbukumbu, na kila mwenye duka pwani alikijua kabla ya karani wa kwanza wa serikali kufika bara. Masijala, yaani chumba cha ofisini yanamowekwa majalada, ni ndugu wa neno sajili, kuandika jina la mtu au jambo kitabuni lisipotee.

Methali yetu yasema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huitumia methali hii wakiwafundisha vijana uangalifu wa fedha. Lakini neno mali lina upana. Heshima ya mtu ni mali, na jasho lake ni mali, na maumivu yake yanayodai fidia ni mali pia. Hayo yote yasipoandikwa, au yakiandikwa kisha daftari likafichwa, hupotea bila habari.

2. Desturi ya siri kwetu

Wako watu wasemao kwamba siri ni ya Wazungu na maofisi yao, na kwamba wazee wetu waliishi wazi kama watu walio uwanjani. Hilo si kweli. Jando lilikuwa na siri, na kungwi hakumwambia asiyeingia yale yaliyofundishwa humo. Baraza ya wazee ilikuwa na maneno yasiyotoka nje. Mganga alijua maradhi ya watu wengi na hakuyatangaza sokoni. Mtu akikaribia kufa alimwita anayemwamini, akamwachia wosia, naye hakuufungua mpaka siku yake.

Tukizitazama siri hizi zote twaona mambo matatu. La kwanza, kila siri ilikuwa na mwenyewe. Wosia ulikuwa wa marehemu na warithi wake, haukuwa wa yule aliyewekewa. La pili, kila siri ilikuwa na sababu iliyojulikana hata kwa wale wasioijua siri yenyewe. Mtoto asiyeingia jandoni alijua kwamba kuna mambo hajaambiwa, na alijua kwa nini. La tatu, kila siri ilikuwa na muda. Mtoto yule alikua, akaingia, akaambiwa. Wosia ulifunguliwa mbele ya warithi. Siri isiyo na mwenyewe, isiyo na sababu ya kutajwa, wala isiyo na siku ya kufunguliwa, haikuwa siri kwa desturi yetu, bali wizi.

Kwa kipimo hicho cha mambo matatu tutaipima habari inayofuata.

3. Hali ya Hatari na maandishi yake

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari katika Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Hali hiyo ilidumu mpaka Januari 1960. Katika miaka hiyo maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, walitiwa katika kambi za kizuizini bila kuhukumiwa, na watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu ya mahakama. Upande wa pili Mau Mau nao waliua, na wengi waliouawa nao walikuwa Waafrika wenzao. Hatukusudii kuandika hapa historia yote ya vita vile. Twataka kuonyesha jambo moja tu, kwamba mambo yaliyotendeka kambini hayakutendeka pasipo kalamu. Maafisa waliandikiana.

Mwezi wa Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana juu ya nguvu zitakazotumiwa kuwalainisha mahabusu waliokataa kutii. Katika maandiko yake alisema kwamba ikiwa watatenda dhambi, basi hapana budi waitende kimya kimya. Sisi tuliozoea kufundisha watoto maana ya neno dhambi twasimama kidogo hapa. Mtu huyu hakudanganyika juu ya jambo lenyewe. Alilitaja kwa jina lake. Shauri lake lilikuwa juu ya sauti tu.

Tarehe 3 Machi 1959 katika kambi ya Hola mahabusu 11 walikufa kwa kupigwa na walinzi walipokataa kufanya kazi waliyoamriwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa miili yao ulionyesha majeraha, na habari ikafika Bunge la Uingereza. Methali yasema kwamba njia ya mwongo ni fupi, na njia ile ilikuwa fupi kweli. Lakini yako mambo mengine mengi ambayo hayakupata uchunguzi wala Bunge, na njia yake ikawa ndefu.

4. Kuhamisha na kuchoma

Uhuru ulipokaribia, wakubwa wa London walijiuliza: nyaraka hizi zitakuwaje? Tarehe 3 Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alipeleka simu ya maandishi kwa makoloni akieleza nyaraka zipi zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Zilikuwa za namna nne: zile ziwezazo kuiaibisha Serikali ya Uingereza au serikali nyingine, zile ziwezazo kuwaaibisha polisi, askari, watumishi wa serikali au watoa habari wa siri, zile ziwezazo kufichua njia za upelelezi, na zile ambazo mawaziri wa serikali mpya wangeweza kuzitumia kwa njia isiyo ya haki.

Tusiwe watu wa kuhukumu upesi. Katika namna hizo nne imo sababu moja ambayo mtu mwenye haki angeikubali. Mtu aliyewapa polisi habari mwaka 1954, jina lake likisomwa kijijini mwaka 1964, angeweza kuuawa. Kumsitiri huyo ni kusitiri kweli. Lakini sababu hiyo iliwekwa pamoja na sababu ya aibu kana kwamba ni moja, na aibu ikajificha nyuma ya huruma.

Basi kazi ilianza. Majalada yaligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya urithi, nalo lilikuwa la kukabidhiwa serikali mpya. Fungu la pili lilipewa jina lenye maana ya kuangalia, likapigwa alama ya herufi W, na katika Kenya amri ilikuwa kwamba asiliguse ila afisa aliye raia wa Uingereza mwenye asili ya Kizungu. Waraka wa siri ukitolewa katika jalada, palitakiwa pasionekane pengo. Yaani jalada jingine la kufanana lilitengenezwa ili mrithi asijue kwamba kuna kitu kimeondolewa. Nyaraka zisizosafirishwa zilichomwa, na amri ikasema kwamba hata majivu yavunjwevunjwe. Pasipowezekana kuchoma, ziliruhusiwa kutiwa katika makasha yenye uzito na kuzamishwa baharini, penye kina kirefu pasipo mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo.

Hapa mwenye kazi ya kutunza nyaraka lazima aone jambo kubwa kuliko kuchoma kwenyewe. Kuchoma ni hasara, lakini pengo lililo wazi husema kweli: hapa palikuwa na kitu. Kulijaza pengo kwa jalada la uongo ni kumdanganya mtu ambaye hajazaliwa. Katika kipimo chetu cha desturi, hata mtoto wa nje ya jando alijua kwamba iko siri. Warithi wa Kenya walinyimwa hata ujuzi huo.

Walakini karani ni karani. Wale waliochoma waliagizwa kuandika hati za kuthibitisha kwamba wamechoma, na wale waliosafirisha waliandika orodha za makasha. Moto huzaa jivu, husema wahenga, na moto wa ofisi huzaa karatasi nyingine. Kwa karatasi hizo siri ilijulikana baadaye.

5. Deni limebaki, daftari limekwenda

Kutoka Kenya majalada kama 1,500, katika makasha yapata 300, yalipelekwa Uingereza. Kenya ilipata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka 1965 Bunge la Kenya lilitunga sheria ya hifadhi ya nyaraka za umma, na hifadhi ya taifa ikaanzishwa, ile ambayo baadaye iliingia katika jengo la kale la benki katikati ya Nairobi. Watunzaji wake walipoanza kupanga urithi wao waliona kwamba haukutimia. Mwaka 1967 Serikali ya Kenya iliomba nyaraka zake zirudishwe. Jibu lilikuwa hapana. Waingereza walishika neno kwamba maandiko yale yalikuwa mali ya Serikali ya Uingereza, na waliogopa kwamba wakiirudishia Kenya, nchi nyingine nazo zitadai.

Kwa muda wa miaka mingi makasha yale yalikaa ghalani. Halafu yalihamishiwa Hanslope Park, mahali pa serikali penye ulinzi katika jimbo la Buckinghamshire, pamoja na majalada ya makoloni mengine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1958 yasema kwamba nyaraka za umma zichunguzwe na zifunguliwe baada ya muda. Muda huo kwanza ulikuwa miaka 50, na kwa sheria ya mwaka 1967 ukapunguzwa kuwa 30. Lakini maafisa walishindana juu ya neno: je, nyaraka za koloni ni nyaraka za umma za Uingereza, au ni za nani? Kwa kuwa hawakukata shauri, majalada yale hayakuchunguzwa, hayakufunguliwa, wala hayakurudishwa. Kenya ilipoyadai iliambiwa kwamba ni ya Uingereza. Sheria ya Uingereza ilipotaka yafunguliwe, palionekana shaka kama ni ya Uingereza. Yalikuwa kama yatima ambaye kila mjomba akubali kumtawala wala hapana akubaliye kumlisha.

Tarehe 23 Juni 2009 wazee watano wa Kenya, wanaume watatu na wanawake wawili, walipeleka mashtaka mbele ya Mahakama Kuu ya London. Walidai kwamba waliteswa vibaya mno kambini wakati wa Hali ya Hatari. Serikali ya Uingereza ilijibu kwanza kwamba lawama yote ya serikali ya koloni, kama ipo, iliingia mikononi mwa Serikali ya Kenya siku ya Uhuru.

Twaomba msomaji alipime jibu hilo. Warithi wameambiwa kwamba deni la marehemu ni lao, na daftari la deni limechukuliwa na marehemu akaenda nalo. Hapana kadhi wala mzee wa baraza ambaye angekubali mirathi ya namna hiyo.

6. Siri ilivyofunguliwa

Wataalamu watatu wa historia waliisaidia kesi ile: David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett. Wawili wa kwanza walikuwa wametoa vitabu mwaka 2005 juu ya vita vile, na Elkins alikuwa amekaa na wazee wa Kenya akiwauliza habari za kambini. Watu wengine walimshutumu kwamba ameamini mno maneno ya midomo. Anderson naye aliionyesha mahakama kwamba majalada ya Kenya yaliondolewa kabla ya Uhuru, akitumia maandiko yaliyotaja kuondolewa kwake. Yaani barua za kuomba na kukataa, zile zilizodhaniwa kuwa takataka za ofisi, ndizo zilizofichua njia.

Mwezi wa Januari 1911 usingalikuwa na mtu wa kuuliza maswali kama hayo. Januari 2011 walikuwapo. Wizara ya Mambo ya Nje ilikiri kwamba majalada yako Hanslope Park. Tena yalionekana si ya Kenya tu: kwa hesabu ya kwanza yalikuwa 8,800 hivi, ya nchi 37 zilizokuwa makoloni. Balozi mstaafu Anthony Cary aliagizwa kuchunguza jinsi jambo hili lilivyotokea. Aliona kwamba watumishi waliofuatana katika kazi ile walipokea neno la waliowatangulia kwamba makasha yale hayana kitu cha maana, huku baadhi yao wakiyahisi kuwa siri yenye lawama, jambo gumu la kuachiwa mwingine.

Maelezo hayo yatuhusu sote tuliowahi kukabidhiwa ofisi. Mara nyingi siri kubwa haitunzwi na mtu mmoja mwenye hila. Hutunzwa na watu kumi wema ambao kila mmoja amekuta kabati limefungwa na hakuuliza ufunguo uko wapi.

Tarehe 21 Julai 2011 Hakimu McCombe aliamua kwamba kesi yaweza kuendelea. Tarehe 5 Oktoba 2012 aliamua tena, katika habari za wazee watatu, kwamba ijapokuwa miaka imepita zaidi ya 50, bado hukumu ya haki yawezekana. Mojawapo ya sababu zake ni kwamba maandiko ni mengi sana, na kwamba wakuu wa serikali na wa majeshi wa siku zile walikuwa watu wa kuandika kwa uangalifu. Basi uangalifu wa makarani wa koloni ukawa shahidi wa wale waliofungwa na koloni.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alilitangazia Bunge kwamba serikali yake yasikitika kwa kweli kwa mateso yale, na kwamba itawalipa watu 5,228, jumla yote pamoja na gharama ikiwa pauni milioni 19.9. Ukumbusho wa wahanga ukajengwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, ukafunguliwa mwezi wa Septemba 2015. Majalada yaliletwa kwa mafungu katika Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza huko Kew tangu Aprili 2012 mpaka mwishoni mwa 2013, chini ya usimamizi wa mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Cambridge, Tony Badger.

Tusiseme kwamba mambo yote yalikwisha vema. Kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilikataliwa mwaka 2018, hakimu akiona kwamba miaka imepita mno, mashahidi wamekufa na kumbukumbu zimechakaa. Na miaka hiyo ilipita kwa nini? Si kwa sababu ya makasha peke yake. Katika Kenya yenyewe chama cha Mau Mau kiliendelea kupigwa marufuku mpaka mwaka 2003. Lakini yeyote apimaye miaka iliyopotea hana budi kuitia katika mizani na ile ambayo majalada yalikaa yamefungwa. Siri ilikwisha kufunguliwa; wakati haukurudi.

7. Mashauri kwa mtunza nyaraka

Katika habari hii twaona mashauri manne yanayomfaa mtu yeyote aliyewekwa mbele ya kabati la serikali.

Shauri la kwanza ni kwamba nyaraka ni amana, si mali. Mtu awekaye amana hutumaini kwamba aliyewekewa hataila. Ofisi ya serikali inaandika kwa jina la watu, na watu hao ndio wenye amana. Karani ana ufunguo, hana urithi.

Shauri la pili ni kwamba siri iandikwe. Twajua maneno haya yasikika kama kitendawili. Maana yake ni hii: waraka ukifungwa, orodha iseme kwamba upo, umefungwa na nani, kwa sababu gani, na utafunguliwa lini. Yaliyo ndani yaweza kubaki siri, lakini kuwapo kwake kusiwe siri. Kadhalika waraka ukiharibiwa kwa halali, hati ya kuharibu itunzwe milele.

Shauri la tatu ni kutenga huruma na aibu. Jina la mtoa habari, ugonjwa wa mtu, kosa la mtoto, hayo yana haki ya kusitiriwa kwa muda wa maisha ya mtu. Kosa la afisa aliyetumia mamlaka ya umma halina haki hiyo. Mficha uchi hazai, na serikali ifichayo makosa yake haizai marekebisho.

Shauri la nne ni kwamba karatasi haitoshi. Mwaka 1968 walimu na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini mwa Tanzania kuwauliza wazee habari za vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907, na Gilbert Gwassa alikuwa mmoja wa watu wa kazi ile. Wakoloni wa Kijerumani walikuwa wameandika mambo kwa macho yao. Wazee waliyasimulia kwa macho ya waliopigwa. Vivyo hivyo katika Kenya, wazee walisema kwanza, karatasi zikafuata kuwathibitisha. Mtunza nyaraka mwema hutunza na sauti.

Wala tusidhani kwamba mashauri haya ni ya kuwahubiria Waingereza peke yao. Serikali zetu zilirithi maofisi, zikarithi na kufuli. Kenya ilitunga sheria yake ya siri za serikali mwaka 1968, na Tanzania sheria yake ya usalama wa taifa mwaka 1970, zote mbili zikifuata mfano wa sheria za Kiingereza. Kwa upande mwingine Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 nchi hizi mbili zilitunga sheria za haki hiyo. Sheria zaweza kuandikwa siku moja. Desturi ya ofisi huchukua miaka. Karani anayejibu raia kwamba jalada halionekani, na hali hajalitafuta, amefanya kwa uvivu kazi ile ile iliyofanywa na moto wa mwaka 1963.

8. Neno kwetu sisi

Waalimu wenzetu na wachungaji watauliza: haya yatuhusu nini sisi tusio na majalada ya siri? Tunayo madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya mazishi, vitabu vya habari za shule vya kila siku, orodha za wanafunzi, barua za wakubwa wetu na zetu kwao. Mara ngapi amefika mzee mlangoni, ameshika fimbo, akitaka kujua mwaka aliozaliwa ili apate haki yake, nasi tukafunua daftari tukakuta mchwa wamekula kurasa zile zile? Au tukaambiwa kwamba yule aliyetutangulia alihama nalo, kwa kuwa alilidhani kuwa lake? Hapo hakuna siri wala hila, na hata hivyo mzee amerudi mikono mitupu, sawasawa na yule aliyenyimwa kwa makusudi.

Zaidi ya hayo, sisi nasi tuna mambo ambayo hatupendi yasomwe: mwanafunzi aliyefukuzwa pasipo haki, fedha zisizopatana na hesabu, barua ya mzazi aliyelalamika asijibiwe. Mkono hutamani kuchana. Tukumbuke kwamba siku moja atakuja mtu kuuliza, na yeye hatatuona sisi. Ataona daftari tu. Likiwa kamili, hata kosa letu litasaidia kumpa mtu haki yake. Likiwa na pengo, atajua angalau kwamba pana pengo. Likiwa limejazwa uongo, tutakuwa tumemdhulumu mtu tusiyemjua jina.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Basi na tuwe kata zisizotoboka, tuchote kwa adabu, na atakapokuja mwenye maji, tumpe.